Watu 363,656 wa Mbeya Wamekwenda Wapi?

"Njoo kesho" amestaafu. Alilitumikia taifa kwa uaminifu kwenye kila dirisha la ofisi ya umma, na nafasi yake imechukuliwa na kijana anayeitwa "ipo kwenye tovuti". Sisi wa zamani tumeanza kumkumbuka mzee. Njoo kesho alikuwa na ubinadamu. Alikuahidi kwamba kesho ipo, kwamba ofisi itakuwepo, na kwamba yule mama mwenye mhuri atakuwa amerudi kutoka msibani. Huyu kijana hakuahidi kitu. Hana siku, hana chumba, hana hata mtu wa kumkunjia uso, na nauli ya kumfuata unailipa kwa bando.

Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule ya kata, nje kidogo ya mji wa Morogoro. Nilikutana na kijana huyu rasmi kwenye semina. Mwezeshaji, mtu mtanashati mwenye kompyuta mpakato nyembamba kuliko daftari la maandalio, alituambia zama za wanafunzi kukariri vitabu vya maswali na majibu zimekwisha. Wafanye utafiti. Watumie vyanzo rasmi. Taarifa zote za serikali zipo mtandaoni, tena bure. Tukapiga makofi, tukanywa soda, tukauliza kuhusu posho, tukajibiwa kwamba utaratibu wa posho upo kwenye tovuti.

Nikarudi shuleni nimechangamka, kwa sababu mada ya utafiti ya kidato cha nne imenikera tangu niajiriwe. Tunaifundisha kwa chaki. Tunawaandikia ubaoni hatua za utafiti: tatizo, nadharia tete, ukusanyaji wa data, uchambuzi. Wanazikariri, wanazijibu kwenye mtihani na kupata alama zote, na hakuna hata mmoja aliyewahi kutafiti chochote. Basi safari hii nikaligawa darasa katika makundi, kila kundi mkoa wake, nikawapa maswali matatu. Tanzania ina mikoa mingapi? Ina ukubwa gani? Na idadi ya watu wa mkoa wako imebadilikaje kati ya sensa ya 2012 na ya 2022? Nikaandika chini kwa wino mwekundu: majibu yatoke kwenye tovuti za serikali tu. Maswali mepesi kabisa. Nilitegemea wamalize kabla ya mapumziko ya chai.

Kwanza ilibidi tupate mlango wa kuingilia huko mtandaoni. Simu ni marufuku kwa mwanafunzi, na mimi ndiye ninayezikamata. Chumba cha TEHAMA tunacho. Kina kompyuta, kina pazia, kina kibao mlangoni, na kinakosa vitu vidogo tu: umeme wa uhakika na mtu anayejua ufunguo uko kwa nani. Kikabaki kishikwambi. Waliosahau niwakumbushe kwamba sensa ya 2022 makarani walihesabu watu kwa vishikwambi, na kazi ilipokwisha serikali ikavigawa kwa sisi walimu. Kwa hiyo nina mkononi chombo ambacho huenda ndicho kilichopita nyumba kwa nyumba Agosti ile, kikauliza mama ana watoto wangapi na bati ni la aina gani. Sasa nakiuliza kilihesabu wangapi. Kinazunguka tu. Kinaniomba niunganishe mtandao, na mtandao ni simu yangu, na simu yangu ni mshahara wangu.

Tukaanza. Naomba sasa niwatembeze kwenye tovuti ya taasisi ya umma, na sitaitaja ni ipi, nina familia.

Tovuti hii ni sebule ya nyumba ya mkubwa: mgeni anakaribishwa kwenye makochi, anaonyeshwa picha ukutani, na chakula kipo jikoni ambako haruhusiwi kufika. Ukifungua tu, picha kubwa zinapita taratibu. Kiongozi anakata utepe. Kiongozi anapanda mti. Kiongozi anakagua kitu ambacho hakionekani, kwa sababu aliyepiga picha alimlenga kiongozi. Kila picha ni nzito, na kila inapopita kishikwambi kinashtuka na bando linapungua. Wanafunzi wangu walimtazama kiongozi akipanda mti hadi mmoja akauliza kama ule mti umeshaota.

Chini ya picha kuna salamu za mkurugenzi, ambazo mwaka mzima zinatukaribisha na kutuambia kwamba taasisi imejipanga. Kuna Dira. Kuna Dhima. Kuna Maadili ya Msingi, na uadilifu haukosi humo hata siku moja. Kuna muundo wa taasisi wenye visanduku vidogo na mistari, maandishi yake hayasomeki hata ukikuza, lakini unajua kisanduku cha juu ni cha nani. Kuna zabuni ambazo mwisho wake ulipita. Kuna kitufe cha kuchagua Kiswahili, na ukikibonyeza vichwa vya habari vinageuka Kiswahili, habari yenyewe inabaki ilipokuwa.

Halafu kuna kile kisanduku cha kutafutia. Mwanafunzi wangu mmoja, mtoto wa heshima sana, aliandika humo kwa herufi nzuri: "idadi ya watu". Tovuti ikafikiri. Ikamletea tangazo la kuitwa kwenye usaili wa madereva, orodha ya waliofaulu usaili wa madereva, na picha za bonanza la michezo la watumishi. Nikamwambia ajaribu "takwimu". Akaletewa hotuba ya kufungua warsha kuhusu umuhimu wa takwimu.

Nisiwe mchoyo wa sifa. Mwaka 2017 mikoa na halmashauri za Bara zilizinduliwa tovuti kwa mkupuo mmoja, na kiolezo kikawa kimoja. Jambo hilo ni zuri, kwa maana ukishapotea kwenye tovuti ya halmashauri moja unajua kupotea kwenye zote 184. Unajua Historia iko wapi, Vivutio viko wapi, Madiwani wako wapi. Ubaya ni kwamba kiolezo kinakuja kitupu, na anatakiwa mtu akijaze. Kuna halmashauri moja tuliifungulia ukurasa wa historia, tukakuta imeandikwa kwamba historia iwekwe hapa. Kundi langu likanakili hivyo hivyo kwenye daftari: "Historia ya halmashauri hii ni kwamba iwekwe hapa." Nikakosa sababu ya kuwanyima alama, maana chanzo ni rasmi.

Basi tuje kwenye majibu.

Swali la mikoa nililiweka la kupasha misuli tu. Makundi yakaniletea 25, 26, 30 na 31, na kila moja limeandika anuani ya tovuti ya serikali pembeni, yenye go.tz mwishoni, kama nilivyoagiza. Nikakaa chini. Nilipochunguza nikagundua kwamba wote wamesema kweli, ila kila mmoja amesema kweli ya mwaka wake. Tulikuwa na mikoa 25, ikiwemo mitano ya Zanzibar. Mwaka 2002 Manyara ikamegwa Arusha, ikawa 26. Mwaka 2012 zikaja Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, ikawa 30. Mwaka 2016 ikaja Songwe, 31, na hapo ndipo tulipo. Kurasa zilizoandikwa nyakati hizo zote hakuna aliyezifuta, zipo zinaning'inia. Kilichonimaliza ni makundi mawili yaliyokuja na 26. Moja lilisoma ukurasa mkongwe unaosema nchi nzima ina mikoa 26. La pili lilisoma ukurasa wa sasa unaosema Bara ina mikoa 26, ambayo ni sahihi kabisa, likasahau Zanzibar. Jibu moja, mwandiko mmoja, mmoja kachelewa zaidi ya miaka kumi na mwingine kaacha visiwa baharini. Nisahihisheje?

Mtu atasema: si waangalie tarehe ya ukurasa? Tarehe gani? Sehemu pekee yenye mwaka ni kule chini kabisa, kwenye "haki zote zimehifadhiwa", na mwaka ule unajibadilisha wenyewe kila Januari. Ukurasa ulioandikwa kabla Geita haijawa mkoa unavaa mwaka mpya kila sikukuu na kutembea mjini na vijana. Haki zimehifadhiwa vizuri sana. Taarifa ndiyo imeachwa nje ikinyeshewa.

Swali la ukubwa wa nchi lilitaka kuleta ngumi. Kundi moja likasema kilomita za mraba 945,087. Jingine likasema 947,303. Tofauti ni kilomita za mraba 2,216, na hicho si kiwanja cha kumalizana kwa mjumbe wa nyumba kumi. Unguja yote inaingia humo na nafasi inabaki. Kundi la tatu likaja na 947,300, tena likanitenganishia nchi kavu 885,800 na maji 61,500. Nikafurahi, nikauliza wametoa wapi kazi nzuri kiasi hicho. Wakatazamana. Kiongozi wao akasema, "Kwa majasusi, mwalimu."

Ilikuwa kweli. Shirika la ujasusi la Marekani, CIA, kwa miongo mingi lilikuwa likitoa kitabu cha hadhara kinachoitwa The World Factbook, chenye kila nchi na vipimo vyake, na kaka wa mmoja wao alikuwa nacho kwenye simu. Nikawakumbusha wino mwekundu: tovuti za serikali tu. Yule kiongozi akajibu kwa adabu zote kwamba ile nayo ni serikali, mimi sikusema ya nani. Na akaongeza, bila kuulizwa, kwamba kwa majasusi hakukuwa na picha ya mtu anayepanda mti.

Sasa Mbeya.

Kundi la Mbeya lilikuwa na wanafunzi wangu wanaojiweza kwa hesabu, na kiongozi wao ana bibi huko, kwa hiyo utafiti ulikuwa na uchungu wa nyumbani. Wakapata sensa ya 2012: Mbeya watu 2,707,410. Wakapata sensa ya 2022: Mbeya watu 2,343,754. Hizi ni namba halali, za Ofisi ya Taifa ya Takwimu, si za kijiweni. Wakatoa. Wakatoa tena, wakidhani wamekosea kukopa. Ikabaki pale pale: wamepungua watu 363,656, asilimia 13.4, katika miaka kumi ambayo nchi nzima ilikuwa ikiongezeka kutoka 44,928,923 hadi 61,741,120.

Darasa likanyamaza. Tumewapoteza watu wengi kiasi hicho, na hakuna hata tangazo redioni.

Nikawaambia: vizuri, sasa huu ndio utafiti, leteni nadharia tete. Nikajuta kwa jinsi zilivyomiminika. Mmoja akasema baridi. Mwingine akasema wote wamekuja Dar es Salaam, ndiyo maana daladala hazipandiki, na akawa na ushahidi: Dar es Salaam ina watu 5,383,728. Msichana wa nyuma kabisa akasema huenda walivuka Tunduma kwenda Zambia kufanya biashara, siku ya sensa ikawakuta ng'ambo. Kuna aliyetaja uchawi, nikamkumbusha kwamba huu ni utafiti wa kisayansi, akasema basi aandikiwe "sababu za kijadi". Na kundi la jirani, ambalo lilipata nafasi ya kutumia simu ya shangazi wa mtu nyumbani, lilileta ukurasa mzima uliotungwa na akili mnemba, wenye vichwa vidogo na aya zilizonyooka, ukieleza kwa nini watu walihama Mbeya: mabadiliko ya tabianchi, mporomoko wa bei za mazao, na mvuto wa miji mikubwa. Umeandikwa vizuri kuliko ninavyoandika mimi. Haukusita hata mstari mmoja. Hakuna aliyehama, lakini sababu za kuhama tayari zilikuwa tatu.

Habari ikafika ofisini kabla yangu. Makamu mkuu wa shule ni mtu wa Tukuyu, na alinisubiri mlangoni amesimama.

"Mwalimu, nasikia darasani kwako sisi tumepungua."

"Si mimi, Makamu. Ni takwimu."

"Kwetu mimi ni wa nane kuzaliwa, na mama hakumalizia hapo. Tupungue kwa njia gani?"

Nikamwonyesha namba. Akavaa miwani, akazisoma, akavua miwani. Akasema hawa wa takwimu waliwahesabu watu wakiwa shambani. Nikamwambia wanahesabu waliolala kaya hiyo usiku wa kuamkia siku ya sensa. Akasema basi walilala shambani. Kuanzia hapo, kila nikiomba ruhusa ya kwenda benki, ananiuliza kama nitarudi au nitapungua.

Aliyetutoa kwenye aibu ni yule yule binti wa nyuma, wa Tunduma. Alikuja dawatini kwangu na swali moja: "Mwalimu, mwaka 2012 Songwe ilikuwa na watu wangapi?" Tukafungua jedwali la 2012. Tukashuka nalo lote, kutoka Dodoma hadi mwisho. Songwe hakuna. Kwa sababu mwaka 2012 Songwe haikuwepo. Mbozi, Ileje, Momba na hiyo Tunduma yenyewe zote zilihesabiwa Mbeya, na mwaka 2016 zikakatwa zikawa mkoa. Watu hawakuhama mahali. Walilala kwao, wakaamka wako mkoa mwingine. Binti alikuwa amewapeleka Tunduma kwa kubahatisha, na kumbe ndiko walikokuwa, wanauza na kununua, hawana habari kwamba Morogoro kuna matanga yao.

Akachukua Mbeya ya 2022, akajumlisha na Songwe 1,344,687, akapata 3,688,441. Ongezeko la watu 981,031, kama asilimia 36, wakati taifa limeongezeka kama asilimia 37. Makamu nilimpelekea karatasi mwenyewe. Akasema alijua.

Hapo ndipo ninapotaka kulalamika kwa sauti, wengine wote mnisamehe. Kiini cha habari hii kilihitaji nyota ndogo. Nyota! Ile alama wanayoweka pembeni ya namba na chini wanaandika: mipaka imebadilika, usilinganishe hivi hivi. Mahali tulipozitoa namba zetu hapakuwa na nyota. Jambo lenyewe tulilikuta limeandikwa, tena kwa ufasaha, kwenye ukurasa wa historia wa tovuti nyingine kabisa, ambako hakuna atakayekwenda isipokuwa ameshajua jibu. Na Mbeya ina nafuu. Mtu akichukua Shinyanga ya sensa ya 2002 akailinganisha na ya 2012, ambapo wamebaki 1,534,808, atadhani karibu nusu ya mkoa imemezwa na ardhi, kumbe Simiyu imeondoka na watu wake na kipande kingine kimekwenda Geita. Nimelipa kundi fulani swali hilo kwa makusudi. Nasubiri sababu za kijadi.

Na kinachoniudhi hasa si kwamba taarifa hazipo. Zingekuwa hazipo ningetulia, ningerudi kwenye chaki yangu na hatua za utafiti. Zipo! Kwenye ripoti ile ya sensa, ukishavuka dibaji, utangulizi, shukrani, orodha ya vifupisho na picha, kuna majedwali mpaka ngazi ya kata, na Zanzibar mpaka shehia. Tulipoyafikia, wanafunzi walikuta kata yetu. Kata yetu hii, yenye daraja bovu, imo ndani ya kitabu cha taifa, na idadi ya wanaume na idadi ya wanawake na wastani wa watu katika kaya. Walipiga kelele hadi mwalimu wa zamu akaja na fimbo. Wakaanza kutafuta kata za mama zao, za babu zao, za wapinzani wetu wa mpira. Wavulana walipoona kwamba nchi nzima wanawake ni 31,687,990 na wanaume 30,053,130, wakaanza kujipangia maisha kwa matumaini ambayo hayana msingi wowote wa kitakwimu. Sijawahi kuona darasa likisoma jedwali kwa hiari yake. Hazina namna hii unaichimbia nyuma ya mtu anayepanda mti?

Na kuifikia kwenyewe. Ripoti hiyo ya sensa inafunguka kwa sababu ni chapisho la kisasa, maandishi yake yanatafutika. Nyaraka za taasisi nyingine nyingi ni karatasi zilizopigwa picha kwenye mashine, zimekaa upande, na kidole gumba cha aliyeskani kimeingia ukurasa wa kumi na nne. Huwezi kutafuta neno humo, huwezi kunakili namba. Unasoma shingo imepinda. Majina ya faili nayo: "FINAL", "FINAL YA MWISHO", "FINAL YA MWISHO 2". Nilijaribu kuwapa wanafunzi kanuni kwamba wafungue ile ya mwisho zaidi. Tukafungua, ikawa ni bahasha tupu yenye nembo. Kuchapa ndiyo usiseme: stesheneri ya hapa njia panda wanatoza mia mbili kwa ukurasa, na yule dada akiona idadi ya kurasa anakuuliza kwanza kama una mradi wa wafadhili.

Nikafikiria kwenda kisheria. Tunayo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, ya mwaka 2016, na raia akiomba taarifa kwa taasisi ya umma inatakiwa imjibu ndani ya siku zisizozidi 30. Nikawasomea wanafunzi, wakafurahi, tukaandika barua ya kiofisi kwa taasisi fulani kuuliza jambo moja dogo, tena kwa heshima zote, "rejea somo tajwa hapo juu". Barua pepe iliyoandikwa kwenye "Wasiliana Nasi" ikaturudishia ujumbe kwamba sanduku limejaa. Nikapiga simu ya mezani. Ikaita kwa muda mrefu, akapokea mlinzi. Mtu mwema sana. Alisikiliza swali lote la wanafunzi wangu kuhusu matumizi ya ardhi, akasema wahusika wako kikaoni Dodoma, na kwa ushauri wake hiyo kitu ipo kwenye tovuti.

Basi nilidhani mambo yameishia hapo, nikaandika taarifa yangu kwa mkuu wa shule: wanafunzi wamefanya utafiti halisi, wamegundua mkoa wa Songwe. Mkuu akaisoma kwa makini, akaipenda, na kwa sababu hiyo akaniteua. Kumbe yamekuja maelekezo kwamba na shule ziwe na tovuti zake, na kamati ilikuwa inatafuta katibu mwenye uzoefu.

Tulikutana maktaba. Nilikwenda na orodha yangu nimeiandika usiku: idadi ya wanafunzi kwa kidato na jinsia, idadi ya walimu kwa somo, madawati yaliyopo na yanayopungua, matundu ya vyoo, matokeo ya mtihani kwa miaka yote, na kila namba iwe na tarehe pembeni. Nikaisoma kwa kujiamini. Mtaaluma akakohoa.

"Hayo matundu ya vyoo, mwalimu, si ni mambo ya ndani?"

"Ni takwimu, Mtaaluma. Mzazi angependa kujua."

"Mzazi akijua, afisa naye atajua."

Ikakubalika kwamba matundu yasubiri. Madawati nayo yakasubiri, kwa mshikamano. Walimu kwa somo ikaonekana itazua maswali kuhusu Fizikia. Matokeo yakakubaliwa, ya mwaka mmoja ule tuliofanya vizuri. Kilichobaki kikajadiliwa kwa kina na hadi saa kumi tulikuwa tumeshapitisha Dira, tumeshapitisha Dhima, na tumeunda kamati ndogo ya Maadili ya Msingi. Makamu akaomba kwenye historia ya shule itajwe kwamba uongozi una watu kutoka mikoa yote, ikiwemo iliyodaiwa kupungua. Mkuu wa shule yeye hakuwa na makuu. Aliomba picha yake iwe ile ya siku ya mazingira, ambayo ameshika mche wa mkaratusi na jembe.

Kabla hatujafunga kikao, kijana aliyekuja kutuunganishia tovuti akauliza kama tungependa iwe na kaunta ya kuonyesha ni watu wangapi wameitembelea. Wote wakasema ndiyo. Akasema sawa, ataiwasha siku ya uzinduzi, ianzie sifuri.

"Sifuri?" Mkuu akamgeukia. "Mgeni rasmi atafungua akute sifuri? Anzia elfu tano. Katibu, andika."

Nikaandika.